Mzee Nukta na Cherehani Isiyo na Sindano

Ndugu yetu tunayemsindikiza leo alizaliwa Jumatano, tarehe 14 Machi 1951, katika chumba cha nyuma cha nyumba hii mnayoiona. Alikuwa mtoto wa nne na kitindamimba. Mimi ni kaka yake mkubwa. Nimepewa kusoma haya kwa kuwa waliosoma kunizidi wamesema hawataweza, basi nikitangatanga mnivumilie.

Alianza shule mwaka 1959. Akiwa darasa la tatu, mwalimu aliwaambia wachore ramani ya darasa, kila dawati na mwenyewe. Yeye akaacha dawati moja tupu. Mwalimu akauliza, "Na huyu wa hapa mbona hujamchora?" Akajibu, "Leo hakuja, mwalimu." Darasa zima likacheka. Mwalimu hakucheka, alimpa kumi kwa kumi. Alimaliza kidato cha nne mwaka 1970.

Tarehe 2 Februari 1972 aliajiriwa ofisi ya upimaji ardhi kuwa mchoraji ramani, akastaafu mwaka 2011. Wapimaji walikuwa wakirudi na matope viatuni na namba kwenye daftari, na yeye haweki nukta mpaka aulize, "Ulisimama hapo mwenyewe?" Ukibabaika tu, anakurudisha porini. Ndiyo maana wakamwita Mzee Nukta, hata kabla hajaota mvi. Mwaka 1988 mkuu wake alimwomba asogeze jiwe la mpaka wa shamba la watu, kwa unene wa kalamu tu. Akakataa. Akahamishiwa stoo ya karatasi miaka minne. Na humu ndani, niseme ukweli maana yeye hasikii tena, tulimcheka. Tulisema ukaidi umemponza.

Tarehe 8 Desemba 1979 alioa. Shemeji yetu alikuwa fundi cherehani, mtu wa maneno machache na mguu usiotulia. Cherehani yake aliiweka kwenye kibaraza cha mbele cha nyumba hii, pale karibu na dirisha langu. Nguo za shule za watoto wenu wengi zilipita mikononi mwake. Lakini tulilalamika. Mara kelele, mara vipande vya nyuzi mlangoni, mara wateja wanatuzibia njia. Akavumilia, mwisho wakahama na binti yao, wakapanga vyumba viwili ng'ambo ya reli. Shemeji alifariki mwaka 2015. Wengi wetu tulifika makaburini tumechelewa.

Baada ya hapo ndugu yangu alinyamaza miaka miwili. Ndipo binti yake akamwonyesha mchezo mmoja wa kwenye simu. Watu huficha vikopo sehemu sehemu, hutoa namba za mahali, na wengine huvitafuta. Wachezaji hao pia hufanya vikao. Mmoja hutangaza mahali na saa, wenzake wanakuja, wanasalimiana, wanasaini daftari, na pale walipokutana hubaki nukta kwenye ramani ya mchezo. Sisi tukasema mzee amerudia utoto, anaokota makopo. Kumbe alikuwa anachora. Alikuwa akichagua mahali pa vikao ili nukta zake, ukiziunga kwa mistari, zitoe picha juu ya mji mzima. Gurudumu lilizunguka uwanja wa mpira. Shingo ilipita nyuma ya karakana ya mabasi. Kwa miaka sita alifanya vikao ishirini na viwili, na picha ilikuwa cherehani ya mkewe.

Ilibaki nukta moja, ya sindano. Aliipangia kwenye kile kibaraza. Wenzake wa mchezo, muuguzi na fundi wa mabasi, walitaka kuja, akawaambia, "Hii niachieni. Ya hapa ni ya watu wa nyumbani." Kanuni ya mchezo ni kwamba mwenye kikao peke yake hahesabiki, lazima asaini na mwingine. Mmoja tu anatosha. Akaandika kwenye kikundi cha familia: "Jamani, Jumamosi tarehe 18 Novemba, saa tisa mpaka saa kumi na moja jioni, kibarazani kwa kaka. Msilete kitu. Njooni tu msaini." Watu kumi na wanne walijibu, "Tuko pamoja, mzee wetu."

Alikuja na kiti cha kukunja na daftari. Mimi nilikuwa ndani. Nilifunua pazia, nikamwona, nikasema nikimaliza chai nitatoka. Chai ile sijui ilikuwa pipa. Baadaye akagonga dirisha.

"Kaka, mimi naondoka."

"Wamekuja?"

"Hawakuja."

"Basi si uweke tu hiyo nukta, nani atajua?"

Akatabasamu. "Nani alisimama hapo, kaka?"

"Haya, lete daftari nisaini."

Akaangalia saa yake. "Saa kumi na moja imepita kwa dakika tano. Nitatangaza tena mwakani."

Mwaka ulipoanza tu, tarehe 3 Januari 2024, kiharusi kilimwangusha, mkono wa kulia ukafa. Alilazwa hadi Jumanne, tarehe 6 Februari, alipofariki saa nne asubuhi, akiwa na miaka sabini na miwili. Waliokuwa kando ya kitanda ni binti yake na yule muuguzi. Sisi tulikuwa pamoja naye kwenye simu.

Ameacha binti mmoja, wajukuu wawili, kaka mmoja, dada wawili, na watoto wa ndugu ambao sikuweza kuwaandika wote, ila leo nawaona wote mmefika. Pale mlangoni kuna daftari la rambirambi. Nimelipitia kabla ya kusimama hapa. Mmesaini watu mia mbili na kumi.

Picha yake ya cherehani ipo nyuma ya kijitabu hiki. Binti yake ameomba ichapwe kama ilivyoachwa, na mimi nimekubali. Nimeshamwona mmoja wenu ametoa kalamu. Tafadhali, airudishe mfukoni. Asimchoree sindano. Hatukuja.

Alale sasa kwa amani, ile ambayo hatukumpelekea kibarazani.