Wasifu wa Ahti Kemppainen, Aliyelitia Gari la Shangazi Injini ya Gari la Mikate

Ndugu, jamaa na majirani mliofika kutushika mkono: tunayemsindikiza leo ni Ahti Kalle Kemppainen. Alizaliwa tarehe 9 Machi 1943 hapa Pelkie, Michigan, ndani ya sauna, kile chumba cha mvuke nyuma ya nyumba ya wazazi wake, maana ndimo mlimokuwa na joto na maji ya moto siku hiyo. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya watano wa marehemu Kalle na marehemu Senja Kemppainen, wakulima wa viazi na wafugaji wa ng'ombe wa maziwa.

Akiwa na umri wa miaka sita aliifungua mashine ya kutenganishia malai, kipande kimoja kimoja, akavipanga vyote sakafuni. Baba yake aliporudi kutoka zizini hakugomba. Alisema tu, "Umeifungua mwenyewe, utaifunga mwenyewe." Akaifunga. Ilibaki bolti moja mkononi, na mashine ikafanya kazi miaka ishirini bila hiyo bolti.

Alisoma shule ya msingi hapa hapa, kisha sekondari huko Baraga, akahitimu Juni 1961. Hakuwa wa kutajwa katika sarufi. Lakini katika karakana ya shule alijifunza kukereza chuma, na mwalimu wake akaandika kwenye ripoti: "Mikono ya kijana huyu inafikiri kabla yake." Bibi Senja hakujua kama ni sifa au ni tusi, akaificha ripoti hiyo ndani ya Biblia.

Baada ya miaka miwili jeshini, alikokuwa fundi wa malori huko Ujerumani, aliajiriwa Mei 1966 katika karakana ya barabara ya kaunti. Alidumu hapo miaka thelathini na tisa. Malori ya kusukuma theluji mliyokuwa mkiyasikia alfajiri yalikuwa yamepita mikononi mwake. Alifuata kitabu cha mtengenezaji ukurasa kwa ukurasa, kwa sababu dereva aliyekwama barabarani siku ya dhoruba hana faida na ubunifu wa fundi. Hivyo ndivyo alivyokuwa akisema.

Alimposa Ardith Ylitalo, karani wa posta, mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa amelala chini ya gari la baba mkwe wake mtarajiwa, nyundo inagonga, na Ardith hakusikia neno. Mara ya pili alitoka uvunguni kwanza. Walifunga ndoa tarehe 15 Juni 1968 katika kanisa hili, wakajaliwa mabinti wawili: Karin, anayewasomea wasifu huu, na Lois.

Alistaafu mwaka 2005. Miaka mitatu baadaye daktari wa macho alimwambia kwamba sehemu ya katikati ya macho yake inakufa. Ataendelea kuona pembeni, lakini kile atakachokitazama moja kwa moja kitafifia, na hakuna dawa ya kukirudisha. Ahti alirudi nyumbani, akamwambia mkewe kwamba daktari amesema macho yamezeeka kidogo. 

Wiki iliyofuata alilivuta gari la Hilja, shangazi yake Ardith, kutoka ghalani: steshenwagoni aina ya Rambler ya mwaka 1965, rangi ya kijani ya supu ya njegere. Injini yake ilikuwa imepasuka kwa maji yaliyoachwa yakaganda ndani. Kila mtu alijua kwamba gari la namna hiyo hutafutiwa injini ya aina yake, au mtu akitaka makuu huwekewa injini kubwa ya petroli ya silinda nane. Ahti alinunua injini ya dizeli ya silinda nne kutoka gari lililokuwa likisambaza mikate, dubwana zito lenye mlio wa mashine ya kusaga kokoto.

Kwenye meza ya kahawa ya duka la ushirika, rafiki yake wa tangu utotoni, Delbert Ruona, hakumpa nafasi ya kumeza.

"Hivi ni kweli? Gari la bibi wa watu unalitia injini ya mikate?"

"Kweli."

"Ukipita kwangu basi, niachie miwili ya ngano."

"Nitakuachia moshi."

"Lakini Ahti, ndugu yangu, kwa nini? Halitakimbia, halitapendeza, na hata ukitaka kuliuza hapatikani mwendawazimu wa pili."

"Siliuzi. Napenda mlio wake."

"Mlio!" Delbert akawageukia wengine. "Mtu mzima, na korppu yake mkononi, anasema anapenda mlio!"

Wote walicheka, na Ahti akacheka nao, akachovya korppu yake, ule mkate mkavu wa mdalasini, kwenye kahawa, akala. Ukweli ni kwamba kwa miaka yote ya kazi alikuwa amesikiliza injini kuliko alivyosikiliza muziki, na hii aliipenda kuliko zote. Hakuwahi kumiliki kitu alichokitengeneza kwa sababu tu anakitaka yeye.

Ilimbidi atengeneze bamba la chuma la kuiunganisha injini na giaboksi, kwa kuwa vitu hivyo viwili havikuzaliwa kukutana. Alilipima, akalikata, akalitoboa kwa majuma matatu. Siku ya kulifunga, Aprili 2010, matundu yalikosana kwa upana wa ukucha. Alikuwa amesoma kipimo vibaya. Ardith alipomletea kahawa alimkuta ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, bamba mapajani.

"Limeharibika?"

"Bamba ni zima. Mimi ndiye nimeharibika." Kisha akamwambia yote aliyoambiwa na daktari, miaka miwili iliyopita.

Ardith aliiweka kahawa sakafuni. 

"Miaka miwili unagonga milango," alisema, "na mimi nadhani umechoka. Nikakununulia vitamini, Ahti. Ukazinywa!"

"Zilikuwa na ladha ya machungwa."

"Usinichekeshe, nina hasira." Akavuta kigoda. "Haya. Hicho kipimo kinasomwaje?"

Kuanzia siku hiyo Ardith alisoma namba na Ahti akakata. Aliyechambua barua kwa miaka thelathini hakukosea tarakimu. Bamba la pili liliingia kama mkono kwenye glavu. Alichomelea vishikizo vya injini kwa mazoea zaidi ya macho, akipapasa kila kiungo kilipopoa, na kile asichoridhika nacho alikikata akaanza upya. Ndani ya gereji yao kulikuwa na ugomvi mwingi mno kuhusu mahali spana zinapowekwa, na vicheko ambavyo mabinti zao, wakipiga simu, walishindwa kuvielewa.

Katika majira ya kuchipua ya 2011 daktari alimpa mpaka: aendeshe mchana tu, na mwisho wa Septemba aache kabisa. Gari lilikuwa bado halijasimama kwa magurudumu yake.

Injini iliwaka kwa mara ya kwanza Jumamosi tarehe 2 Julai. Vikombe vililia kabatini. Walipolishusha gari kutoka kwenye jeki, mbele pakazama hadi chini kwa uzito. Delbert, aliyekuja kuchungulia, alishika kiuno.

"Limeinama kama ng'ombe anayekunywa maji."

 Ahti aliikalia tena ile ndoo iliyopinduliwa, na safari hii Delbert aliona jinsi anavyogeuza kichwa pembeni ili amtazame. Ni Ardith aliyemweleza kuhusu Septemba. Delbert alikwenda nyumbani bila kuaga. Asubuhi yake alirudi na springi za mbele za pikapu yake ya zamani, bado zina udongo.

"Sijasema gari lako ni zuri," alisema. "Nimesema tu linainama."

Springi zilihitaji kukatwa, na shafti ya nyuma ikahitaji kufupishwa, na Agosti ikaanza kuisha. Tarehe 20 Agosti 2011, saa nne asubuhi, Ahti alitoka uani akiendesha gari lake. Ardith alikuwa kando yake na Delbert nyuma, ameyashikilia magoti yake. Walikwenda hadi L'Anse kwa mwendo wa trekta, wakarudi kwa mwendo wa kuridhisha. Delbert aliposhuka masikio yalikuwa yakimvuma. Alisema kwa sauti kubwa mno, "Sasa nimeelewa!"

Kwa siku arobaini na mbili aliendesha gari lake, kila siku isiyokuwa na mvua. Walikwenda Copper Harbor, wakala samaki wa moshi juu ya boneti. Walilipeleka kwenye maonyesho ya magari, ambako mwamuzi mmoja alilizunguka mara tatu akasema hajui aliweke katika kundi gani. Bwana mmoja kutoka mjini alitaka kulinunua, ila angelibadilisha rangi na kulipunguzia kelele.

"Basi hulitaki hili," Ahti alimwambia kwa upole. "Unalitaka lingine. Mimi nalitaka hili."

Tarehe 30 Septemba aliliingiza gereji, akazima, akampa mkewe ufunguo. Tulidhani atavunjika moyo. Lakini Ardith hakuwahi kuendesha gari la klachi maishani mwake, na kumfundisha kulimpa baba kazi ya majira yote ya baridi. Gari lilirukaruka uani kama mbuzi. "Kanyaga, mke wangu, kanyaga! Siyo hapo!" "Kwani wewe unaona nakanyaga wapi?" "Nasikia!" Na kweli alisikia. Kwa miaka kumi na miwili alikaa kiti cha pembeni, dirisha wazi hata kwenye baridi, akisikiliza, na ulipofika wakati wa kubadili gia alisema neno moja: "Sasa." Wakati mwingine mama alichelewa makusudi, ili amsikie akigeuka kitini. Baba aliwahi kuniambia kwamba hiyo ndiyo miaka aliyoifurahia zaidi, kwa kuwa hakuwa na la kufanya ila kufaidi.

Mwaka 2021 moyo wake ulianza kudhoofu. Alitibiwa vizuri, na aliwashukuru wauguzi wote kwa majina. Mwezi Septemba mwaka huu alichagua kubaki nyumbani, na aliletewa kila alichokitaka, hasa pannukakku, ile chapati nene ya mayai inayookwa kwenye tanuri, na jamu ya matunda ya porini.

Jumatano tarehe 11 Oktoba 2023, baada ya kifungua kinywa, alimwambia mkewe kwamba angependa waende ziwani.

"Nje kuna baridi?" aliuliza.

"Kidogo."

"Basi iwashe injini kwanza ipate joto."

Ardith alitoka, akaiwasha. Aliporudi na koti lake alimkuta kitini ametulia, uso umeelekea dirishani, ameshatuaga. Mama hakwenda kuizima. Aliketi, akamshika mkono, na injini ikanguruma uani mpaka Lois alipofika.

Marehemu ameacha mke, Ardith, mabinti wawili, Karin na Lois, wakwe wawili, wajukuu wanne, dada yake Elma, na rafiki yake Delbert Ruona, ambaye familia imemwomba akae nasi safu ya mbele. Wazazi wake na ndugu zake watatu walimtangulia.

Alikuwa mtu aliyeridhika, na aliijua sababu. Bwana ampe pumziko la amani, na sisi atupe subira.