Miaka Thelathini na Minne ya Merrin Tolhurst na Viola Yake

Kwa jina la Mungu, mpaji wa pumzi na wa kila sauti njema, ninawasalimu nyote mlioshika karatasi hii: wazee wenzangu, ndugu wa parokia, na wapenzi wa muziki mliotoka Hobart na vijiji vya mabondeni. Amani iwe kwenu.

Leo, tarehe 31 Agosti 2019, Bi. Merrin Tolhurst anastaafu baada ya miaka thelathini na minne katika Kwarteti ya Tarraleah, kundi la wapigaji wanne wa ala za nyuzi. Amepiga viola, ile fidla pana ya kati ambayo wengi huitambua siku inaponyamaza. Wenzake ni Bw. Desmond Kuhl wa fidla ya kwanza, Bi. Ilse Pascoe wa fidla ya pili, na Bw. Bao Trinh wa selo, ile fidla kubwa ipigwayo ikiwa imesimamishwa sakafuni. Wamefanyia mazoezi katika ukumbi wa kanisa letu, nami mtunza ufunguo nimewasikia kila Jumanne na Alhamisi asubuhi tangu siku ya kwanza.

Siku hiyo ya kwanza walipeana mikono juu ya sharti moja: akiondoka mmoja, wote wanafunga masanduku ya ala zao na kundi linakwisha. Walikuwa vijana, na sharti likaonekana jepesi.

Kisha wakaanza safari ambazo watu wenye busara wasingezianza. Walipiga ndani ya handaki la mitambo ya umeme, wamevaa kofia za chuma. Walipiga kwenye kivuko cha Kisiwa cha Bruny, bahari imechafuka na selo imefungwa kamba kama ng'ombe. Mtunzi mmoja wa Launceston aliwaandikia kipande kinachowataka wapige mluzi huku wakipiga nyuzi; Bi. Merrin hakuweza kupiga mluzi kamwe, na kwa unyofu wake aliandika hivyo katika programu.

Lakini lililomtambulisha lilitokea mwaka 1991, katika banda la kukatia kondoo manyoya karibu na Bothwell. Katikati ya kipande ilikuwapo alama ya kurudia, inayowaambia wapigaji waanze tena mwanzo. Desmond na Ilse wakarudi mwanzo. Merrin na Bao wakasonga mbele. Kwa muda mfupi banda likawa na vipande viwili vikishindana. Merrin hakusimama wala hakukunja uso. Aliacha noti alizokuwa akipiga, akawafuata waliorudi, na Bao, alipojikuta peke yake, akarudi pia. Mkata manyoya mmoja akamfuata kwenye meza ya chai.

“Dada yangu, pale katikati mlipogombana ndipo palikuwa patamu. Mtarudia?”

“Kaka, tukirudia hapo, sisi wanne hatutapanda gari moja kwenda nyumbani,” akamjibu, akimkatia mkate wa nyama.

Tangu hapo ikawa kanuni yao: mkipotea, ifuateni viola. Alama ile Merrin aliizungushia penseli nyekundu.

Miaka miwili iliyopita kidole chake cha nne cha mkono wa kushoto kilianza kukakamaa. Hakuwaambia wenzake. Alikuja nusu saa mapema, akakaa jikoni kwetu na mkono ndani ya bakuli la maji ya moto. Nilipomuuliza, alisema, “Mzee, nikiondoka mimi, nawaondoa na wao. Naanzaje kusema?” Nilimwongezea maji, nikamwombea.

Alhamisi moja ya Aprili mwaka huu, kwenye kipande kilekile cha Bothwell, kidole kilikataa. Merrin akanyamaza; na wenzake, kwa kanuni yao, wakanyamaza pamoja naye.

“Umepotea wapi wewe?” akauliza Desmond.

“Sijapotea. Kidole kimefika mwisho. Endeleeni.”

“Tulipeana mikono, Merrin,” akasema Ilse. “Akiondoka mmoja...”

“Mlisema pia mnaifuata viola. Basi viola inasema mbele.”

Bao alifuta miwani yake kwa muda mrefu. “Bibi mkaidi huyu,” akasema, “hata kustaafu anataka atuongoze yeye.” Wakacheka, kisha wakalia, kisha wakapiga watatu mpaka mwisho, na nafasi ya sauti yake ikiwa wazi. Nilikuwa mlangoni. Sijasikia ibada iliyo nzito kuliko ile.

Mwezi Juni walimwalika Bi. Kirra Oakden, mpiga viola wa Devonport, aketi katika nafasi ile iliyo wazi. Katika onyesho la leo Merrin atapiga kipande kimoja cha polepole, kisichokihitaji sana kidole kile. Kisha Kirra atapiga kile cha Bothwell, akisoma karatasi ya noti aliyokabidhiwa juzi na Merrin, yenye ile alama iliyozungushiwa nyekundu. Merrin ataketi safu ya mbele, na watakapofika kwenye alama hiyo wapigaji wote wanne watarudi pamoja, bila yeye kuwafuata.

Asante, Bi. Merrin, kwa uvumilivu wako na kwa utani wako. Tunakuombea siku ndefu, mikono isiyouma, na bustani isiyokosa maua. Nawe uliyesoma, Mungu akubariki wewe na nyumba yako, na asiwepo kwako mtu wa kupotea bila wa kumrudia.