Cheti cha Moyo wa Bedan Mugo

Wapendwa mlioacha kazi zenu mkaja hapa Kitengela, mimi ni Njogu, mdogo wake marehemu, na karatasi niliyopewa na kamati ya mazishi nitaisoma yote, isipokuwa pale inaposema aliugua ghafla, maana hapo si kweli, na anayejua ni mimi.

Ndugu yetu Bedan Mugo alizaliwa tarehe 14 Machi 1972 mjini Kajiado, kifungua mimba wa marehemu Mzee Githongo na mama yetu Wamaitha, aliyeketi hapa mbele. Alisoma shule ya msingi huko Kajiado tangu 1979 hadi 1986, kisha sekondari hadi 1990, na huko mwalimu Sankale, alipomwona kijana anayeinama kila mlangoni, akafunga ringi ya pipa juu ya nguzo ya mti, kwenye uwanja wa changarawe ambao baadhi yenu bado mna makovu yake magotini.

Mwaka wa 1992 aliajiriwa na kampuni moja ya Nairobi, kwa barua iliyosema karani, ingawa kalamu hakuishika sana, kwa sababu kazi yake hasa ilikuwa mpira wa kikapu, na ilijulikana kwamba mchezaji akitoka kwenye timu, ametoka na kwenye kazi. Alicheza miaka kumi na mitatu, akaleta vikombe vinne, wala hakumringia mtu, isipokuwa mimi, ambaye kila Krismasi alinikumbusha kwamba urefu wangu ni wa bure.

Tarehe 5 Desemba 1998 alifunga ndoa na Wanjira hapa Kitengela, wakabarikiwa kupata binti, Wamaitha, mwaka wa 1999 na mwana, Githongo, mwaka wa 2003, wenye majina ya bibi na babu yao, na nyumba hii ya mawe mnayoiona bila paa, alitaka msimu huu umsaidie kuiezeka, kisha aache mpira.

Sasa nifike kwenye ugonjwa. Agosti 2004 alianguka mazoezini, daktari mmoja wa Kajiado akampima, akamwambia misuli ya moyo imenenepa kupita kiasi, akiendelea kucheza utasimama, na jambo hilo aliniambia mimi peke yangu. Januari mwaka huu kampuni ikaagiza wachezaji wote wapimwe na daktari mpya asiyewajua, na Mugo akaja kwenye duka la hardware ninakouza misumari, akasema, "Njogu, wewe uko na moyo mzima, enda uitwe Mugo siku moja tu, nimalize hii season." Mnajua tulivyofanana. Nilienda na kitambulisho chake, nikavua shati, daktari akasikiliza, akasema moyo huu utacheza miaka mingine kumi, akaandika cheti, akapiga muhuri. Wanjira, jioni ile ulichinja kuku kwa furaha ya kile cheti, na mimi nilikula.

Jumamosi tarehe 19 Machi 2005, robo ya tatu ya mchezo, aliruka kuudaka mpira uliogonga ringi, akaupata, akashuka nao, akaanguka, hakuinuka tena, akiwa na umri wa miaka thelathini na mitatu na siku tano, na mimi jukwaani, nikijua yote hayo, nilikuwa nampigia makofi.

Familia inamshukuru daktari wa Kajiado aliyesema ukweli, wachezaji wenzake waliobeba jeneza, mwalimu Sankale, na jirani yetu Abdiaziz aliyefunga duka lake wiki nzima na kutupatia gari na maji. Yule daktari mpya simlaumu, alipima moyo alioletewa. Mama, Wanjira, mkiona mkono wangu haufai kutupa udongo kaburini, nitasimama kule nje ya ua, na sitalalamika.

Mugo, kaka yangu, pumzika kwa amani, moyo uliopimwa kwa jina lako bado unapiga hapa, na sijui niupeleke wapi.