Fundi Ishaka na Gari Lililolalia Kushoto

Ijumaa hii, tarehe 28 Agosti 2026, Fundi Ishaka Hija anafunga sanduku lake la spana baada ya miaka thelathini na moja katika Karakana ya Salama Mwambao, Bagamoyo. Nimepewa mimi, Mwanvita wa stoo, kuandika wasifu wake, kwa sababu dirisha langu linatazamana na sehemu yake ya springi na hakuna aliyemsikia akiguna kunizidi. Niseme mapema kwamba naandika roho juu. Jumatatu nitafungua stoo, nitatazama ng'ambo, na hatakuwepo.

Fundi Ishaka alizaliwa Zinga, akajifunza kazi kwa mjomba wake aliyekuwa akiunda matela, akaingia hapa mwaka 1995 kama msaidizi. Haukupita muda akakabidhiwa springi zote, kisha akawa fundi mkuu. Malori ya chumvi, ya mchanga na ya nazi, mabasi ya shule, gari la maiti la msikitini, yote yamepita mikononi mwake. Ndiye aliyetufundisha kwamba springi ya upande mmoja ikichoka zinabadilishwa zote mbili, hata mteja akinuna.

Sasa wasiwasi wake. Jamani! Mtu anakaza nati, anaondoka, anarudi kuigusa, anaondoka, anarudi tena. Jioni akifika getini anakumbuka jeki, anageuza. Akishafika kwake Zinga ananipigia simu: lile lori la chumvi limefika? Mkewe, Bi. Adila, amenithibitishia kwamba siku ya harusi yao bwana harusi aliingia uvunguni mwa gari la maharusi na suti yake mpya, na kwenye picha zote ana doa la grisi gotini. Tulimwita Baba Wasiwasi, naye akawa anaitika.

Tulimcheka hivyo mpaka mwaka juzi, Ijumaa moja ya Shaabani, harusi zilipokuwa zimepamba moto.

Bi. Batuli wa Mapinga wengi mnamjua, maana hakuna shughuli ya kueleweka huku kwetu isiyoonja pilau lake. Ana gari-nyumba, lori dogo kuukuu lililojengewa chumba mgongoni: kitanda, jiko la gesi, tangi la maji na rafu za masufuria. Akialikwa kupika mbali, analala humo humo. Siku hiyo alikuwa safarini kwenda Miono kupika harusi, na ndani ya gari alikuwa na binti yake Jasmin na mjukuu anayenyonya. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba bila hata kunitazama. "Fundi, gari langu linalalia kushoto," akasema. "Jana mjukuu kanibingirikia kitandani mpaka ukutani."

Kwa wageni wetu wa leo, inabidi nieleze jambo la uwanja. Uwanja wa karakana hii umeinama kuelekea mtaroni. Magari yote huingia yakitazama ukuta, mtaro unakuwa kushoto kwao, na hivyo kila gari, hata lililotoka bandarini juzi, huonekana limelalia kushoto. Tulishazoea. Mteja akilalamika tulimjibu kwa sauti moja: "Toa uwanja." Maana yake, punguza mwinamo wa uwanja, kinachobaki ndicho ugonjwa wa gari. Lilikuwa neno letu la kazi, na tulilijivunia.

Fundi Ishaka alianza alivyoanza siku zote. Alipima upepo wa matairi, ukawa sawa. Tangi la maji lilikuwa upande wa kushoto, limejaa, akalifungua likamwaga maji yote. Masufuria makubwa nayo yalikuwa kushoto, akayahamishia kulia huku Bi. Batuli akimkaripia kwamba anavuruga jiko la watu. Gari likanyanyuka kidogo. Akachungulia springi, mabamba yote mazima. Bado lilikuwa limeegemea kushoto, lakini si kwa kutisha, na Miono ng'ombe alikuwa ameshachinjwa. Fundi akarudi nyuma, akafumba jicho moja, akasema, "Toa uwanja, dada. Gari zima hilo, nendeni salama." Wakaondoka, Jasmin akitupungia mkono dirishani na mtoto begani.

Baadaye Fundi akaenda kuswali Ijumaa. Alirudi na kanzu yake nyeupe ya pasi, sambusa mkononi, akasimama pale gari lilipokuwa. Maji ya tangi yalikuwa yameacha njia ya unyevu ardhini. Akaifuata kwa macho, kutoka yalipomwagika, ikikatiza pale pote gari liliposimama, hadi mtaroni upande wa pili. Sambusa ikamponyoka.

"Mwanvita," akasema, "lile gari liliingia kinyumenyume."

Nikamuuliza kwa hiyo nini. Akanionyesha kwa mikono miwili. Bi. Batuli alikuwa na haraka, kwa hiyo alilirudisha gari nyuma ili awe ametazama geti, tofauti na magari mengine yote. Mtaro ulikuwa kulia kwake. Uwanja ulikuwa unalilaza kulia, nalo likalala kushoto vile vile. Sisi tulipunguza pale tulipopaswa kuongeza, na ugonjwa wenyewe ulikuwa mkubwa kuliko macho yetu yalivyouona.

Simu ya Bi. Batuli iliita mpaka ikakata. Ya Jasmin haikupatikana kabisa. Mbele yao kulikuwa na barabara ya Msata, kisha barabara kuu yenye malori marefu, kisha makorongo ya kuingilia Miono. Fundi hakubadili nguo. Alipanda bodaboda na kanzu ameikunja hadi magotini, akamwambia dereva kitu kimoja tu: asisimame.

Mimi nilibaki stoo. Nilipanga nati kwenye maboksi, nikazimwaga, nikazipanga tena. Nilipiga zile namba mbili mpaka kidole kikafa ganzi. Bosi wetu, Bwana Sharifu, alikuja kuuliza kama kuna habari, akaondoka, akarudi, akaondoka. Kila nikifumba macho namwona yule mtoto begani kwa mama yake, na kila nikiyafumbua naona ile njia ya maji ikikauka. Ya Rabi, nilisema, tumewaua watu kwa mazoea yetu.

Simu ilipoita nusura niidondoshe. Alikuwa Fundi Ishaka, anahema.

"Wameshuka," akasema.

Nikakaa sakafuni nikalia.

Aliwakuta Kiwangwa, kabla ya kufika Msata. Walikuwa wamesimama kuswali na kununua mananasi ya sharubati ya harusi, na Bi. Batuli, kama kawaida yake, alikuwa hajakubaliana na muuzaji. Alipomwona Fundi anashuka kwenye pikipiki na kanzu imejaa vumbi alidhani kuna msiba. Fundi hakusalimia, jambo ambalo hajawahi kulifanya maishani. Alimtoa Jasmin na mtoto garini, akalala chali barabarani, akaingia uvunguni na kanzu yake ya Ijumaa. Springi ilikuwa nzima kweli. Kilichoachia ni pale springi inaposhikwa kwenye chasisi, nyuma kushoto: chuma kilikuwa na ufa, na mtu fulani aliwahi kuupaka lami badala ya kuuchomelea. Alikitikisa kwa koleo akawaonyesha. Kipande kilikuwa kinacheza kama jino bovu. Shimo moja la njia ya Miono lingetosha ekseli kuchomoka.

Bi. Batuli alimfokea kwanza. "Si wewe uliyeniambia gari zima?" Fundi akamjibu kwamba ndiye, na amekuja kulitengua neno lake kabla halijaua mtu. Yule mama akamchukua mjukuu mikononi mwa Jasmin, akamng'ang'ania. Masufuria, wapishi na mtoto walifika Miono juu ya gari la mananasi, na pilau likaliwa kwa wakati. Gari-nyumba lilivutwa polepole hadi hapa. Fundi alikikata kile chuma kibovu, akaweka bamba jipya, akabadilisha springi zote mbili, akalizunguka mpaka sisi watazamaji tukachoka.

Bwana Sharifu naye alifanya la maana. Alimwaga zege karibu na geti, likanyooshwa kwa pima maji, na tangu hapo hakuna gari linalotoka bila kusimamishwa pale juu. "Toa uwanja" imepigwa marufuku. Ukimsifu Fundi Ishaka kwa siku ile anakasirika kabisa, anasema asifiwe yule muuza mananasi mbishi.

Pilau mtakalokula leo ni la Bi. Batuli, amekataa lipikwe na mtu mwingine. Gari lake lipo juu ya zege, limenyooka kama meza. Asubuhi nilimkuta Fundi uvunguni mwake na nguo zake za sherehe, Bi. Adila amesimama pembeni kashika kiuno, anauliza kama hata siku ya kuagwa hawezi kukaa msafi.

Fundi Ishaka, ahsante kwa kazi, kwa elimu, na kwa simu zako zote za jioni ambazo nilikuwa nazipokea kwa kununa. Sikufichi, naogopa. Sote tunaogopa, mwenzetu uliyekuwa ukiogopa kwa niaba yetu unaondoka. Lakini wasiwasi wako tuachie, tumeupokea. Mungu akupe umri, afya, na usingizi ambao hukuupata kwa miaka yote hii.

Jioni gari litarudi Mapinga. Bi. Batuli ataendesha, Jasmin yumo, na yule mtoto sasa anatembea. Wewe nenda nyumbani, kula, lala. Nitalikagua mimi mwenyewe, nitaingia uvunguni na gauni langu hili. Simu ikiita usishtuke, kaka yangu. Ni mimi nakuambia limefika.