Msilichomelee, Limeshikwa kwa Gundi

Sogeeni wanangu, kaeni hapahapa kitandani, isipokuwa wewe Tani Kumi, wewe vuta kile kigoda, maana kuendesha lori kumekuachia mwili wa lori. Nasikia mmeshaliinua gari langu kule gereji, na mchana huu yule jirani fundi wa mageti anakuja na mtungi wake kuchomelea ubavu ulioubamiza wewe Tani Kumi kwenye ukingo wa barabara, halafu mtatia ile injini ya silinda sita uliyoing'oa kwenye gari lililopinduka. Mlidhani nimeshakwenda? Bado nina pumzi ya kujaza matairi manne na la spea, ingawa hili letu halina spea, wenyewe waliolitengeneza waliona linaongeza uzito. Nisikilizeni sasa hivi, maana mama yenu pale mlangoni ananikonyeza ninyamaze, na mimi tangu nimuoe sijawahi kumtii kwa mara moja.

Gari lile dogo la mbio alikuwa nalo daktari wa meno. Akanenepa, siku moja akaingia asiweze kutoka, tukamvuta watu wazima kama jino bovu, akasimama pale anahema akasema, fundi, chukua, limenikataa. Mimi nililiendesha kwa mwendo ambao trafiki akinipulizia filimbi, mlio wake unanikuta nyumbani nimeshaoga. Nilikata kona, kivuli changu kikabaki nyuma kinauliza njia. Cheka, Sindano, cheka, lakini ulikuwa umekaa kiti cha pili na ulipiga kelele mpaka ukasahau kushona gauni la watu wiki nzima.

Jueni mnachorithi. Magari ya jina hili yapo ya aina nyingi. Ya kwanza ndiyo hili letu, paa la turubai, injini ndogo, dirisha unazungusha kwa mkono. Baadaye wakalibadilisha sura, taa zikawa kama mtu aliyenuna, wakatia injini nyingine inayopenda kuzungushwa sana, ukiizungusha polepole hailii, ukiipandisha juu inapiga mayowe. Wakaja na lenye kipulizio cha kusukuma hewa ndani ya injini. Wakatoa lenye paa gumu, na jingine la mashindano halina hata kioo cha mbele, dereva anakula wadudu. Yote hayo injini ipo nyuma ya viti, mbele ya magurudumu ya nyuma. Mjomba wenu alifungua boneti ya mbele akapiga ukunga kwamba nimeibiwa.

Sasa Tani Kumi, nitazame. Ile fremu, na huo ubavu ni sehemu yake, haikuchomelewa popote. Ni aluminiamu, ndugu yake sufuria, vipande vimebandikwa kwa gundi na kuokwa. Mimi darasa la tano mwalimu alinisindikiza mpaka getini kwa furaha, lakini hilo nalijua. Jirani akiweka moto pale, gundi inakufa na aluminiamu inalainika, kwa nje utaona mshono unang'aa, na siku utakapopita kwenye shimo gari litaachana kama karanga. Simchukii jirani. Geti alilonichomelea hata kifaru kitaligonga kiombe radhi. Lakini hili si geti.

Na injini yako kubwa hiyo! Mgongo wa lile gari hauwezi kuibeba. Uzito ukijaa nyuma, mbele kunaelea, usukani unakuwa mwepesi kama ahadi ya mlevi. Wewe umefundishwa na lori, ukiona kona unaachia mafuta. Lori linakusamehe. Hili ukiachia mafuta katikati ya kona, matako yanatangulia na wewe unaangalia ulikotoka. Nimekwambia kwa utani miaka mingi, leo sikutanii. Sitaki gari langu linizikie mtoto.

Na wewe Bwana Spika, kitindamimba wangu, unataka kuweka redio na spika nne, zulia, kiyoyozi. Kila mteja alinijia akisema fundi, ongeza hiki, ongeza kile. Lile gari peke yake ndilo lililonifundisha kutoa. Nilikuwa natoa hata karatasi mfukoni kabla ya kupanda, kuku akitua juu yake linainama.

Basi nasema. Vifaa vyote, jeki, mnyororo wa kunyanyulia injini, na gereji yenyewe, ni vya Tani Kumi. Chumba cha mbele na redio yangu ni vya Spika, apige mpaka majirani wahame. Gari ni la Sindano.

Usininunie, Tani Kumi. Sikupi kidogo. Bodi ya faiba, ile ya kitambaa cha nyuzi na gundi, ilipopasuka, mimi nilibandika kiraka kinene kama godoro, kikapasuka pembeni. Dada yako akaniambia, baba, mbona umekata kona kali, nguo huchanika hapohapo. Akakata upya, kikubwa kuliko tundu, pembe za mviringo, kitambaa chembamba juu ya chembamba. Hakijasogea mpaka leo. Ule ubavu unataka mkono huohuo: kiraka cha aluminiamu, gundi ya kazi hiyo, misumari ya ribiti, na subira. Ila yeye kulinyanyua hawezi, na mahali pa kuliweka hana. Atakuja kwako. Utamfungulia?

Sema kwa sauti, sisikii vizuri.

Haya. Toa simu, mpigie jirani, hapa mbele yangu. Mwambie asije. Mwambie kwa heshima, ni mtu mzima. Anauliza kwa nini... mwambie mzee bado ana kiburi. Anacheka? Nilijua atacheka.

Ngojeni nipumue. Mama yenu msimwache ale peke yake. Mkigombana, gombaneni hapa ndani, mlango ukiwa umefungwa, mmalize.

Tani Kumi, Mungu akurudishe salama kila safari, na mzigo wako ufike. Sindano, akuachie macho mpaka uzeeni. Spika... akupe masikio, mwanangu, huo muziki wako... Nilikuwa na jambo jingine, kubwa kuliko yote, limekimbia. Basi.

Huu mkono wa nani? Wako, Tani Kumi? Mzito huo. Usinishike mimi. Mshike dada yako. Hivyo... hivyohivyo.