Lindsay Tregenza na Maji ya Uwanja wa Wirrabeena

Ijumaa hii, tarehe 29 Agosti, Lindsay Tregenza anakabidhi funguo za banda la mashine na kustaafu, baada ya miaka thelathini na minne ya kuutunza uwanja wa michezo wa mji wetu wa Wirrabeena. Halmashauri imeniomba mimi, niliyekunywa naye chai ya saa nne miaka yote hiyo, niandike machache. Nitajitahidi nisimpambe sana. Hapendi, na si kila sifa anaistahili.

Kwanza lisemwe wazi: Lindsay ni mtu wa Pandalla, mji wa jirani. Alizaliwa huko, akacheza huko, na mpaka leo roho yake iko huko kwa wapinzani wetu, si kwa sisi tunaomlipa mshahara. Jumamosi za baridi tulitazama mechi ndani ya magari yaliyouzunguka uwanja, na goli tulilishangilia kwa honi. Pandalla wakifunga, upande wetu ililia honi moja tu: ya kwake. "Ukimaliza kelele, kakate nyasi zetu!" tulimzomea. Naye, pai ya nyama mdomoni: "Nyasi zenu safi, jamani. Tatizo ni wanaozikanyaga!"

Kazi yake haikuwa lelemama. Kiangazi uwanja ni wa kriketi, wanataka ardhi ngumu. Baridi ikiingia ni wa mpira, wanataka ardhi laini. Kila Aprili, msimu ukigeuka, viongozi wa michezo yote miwili walimjia juu, na mara nyingi walikuwa watu walewale, wamebadilisha kofia tu. Aliwasikiliza wote, kisha akafanya alivyotaka.

Lakini nani atausahau mwaka ule wa ukame, maji ya uwanja yalipokatwa? Ardhi ilipasuka. Mkaguzi wa ligi akatuambia kwamba isipolainika kabla ya mechi ya kwanza, mpira wa nyumbani basi. Shule ilikuwa imeshafungwa, benki imeondoka. Tungepoteza na Jumamosi zetu, mji ungebaki jina tu. Na mechi ya kwanza ilikuwa na nani? Pandalla.

Tukajua Lindsay atafanya sherehe. Kumbe tulimkosea. Alipita nyumba hadi nyumba akiomba maji yaliyokwisha kuogewa. Watu wakaja na ndoo, mabeseni, madebe ya maziwa. Doreen Fitch wa kantini alileta maji aliyochemshia soseji, akarudishwa getini: "Doreen, mimi naotesha nyasi, sipiki supu!"

Hayakutosha. Ndipo Lindsay akauza kondoo wote aliowafuga kwake, na maji ya bwawa walilokuwa wakinywa akayaleta uwanjani kwa tangi. Nilimuuliza, wewe mtu wa Pandalla, yanakuhusu nini haya? Akanitazama kama mtu aliyeulizwa upuuzi. "Sasa ninyi mkifa, sisi tutamfunga nani?"

Mkaguzi akarudi, akachomeka kipimo chake ardhini, akakubali. Tukacheza. Pandalla walitutandika vibaya sana, na sijapata kufurahia kipigo namna ile. Watu wazima walilia ndani ya magari yao.

Asante, Lindsay. Pumzika vyema, uwe na afya na mvua ya kutosha. Ninapoandika haya, wasichana wadogo wanafanya mazoezi uwanjani, nje ya dirisha langu, tope mpaka magotini, wanagombania mpira na kucheka. Hakuna hata mmoja wao anayejua kwamba uwanja huu ulikaribia kufa.