Jina Lote la Stany Kauboi

Majirani wa mtaa wa Kikula na ndugu wote mliofika, tunayemlaza kaburini leo ni Stanislas Kabwe, aliyezaliwa tarehe 14 Machi 1931 katika kijiji jirani na Kakanda, mtoto wa kwanza wa baba Urbain na mama Gertrude. Mdogo wake Adrien, anayesoma karatasi hii, alizaliwa miaka sita baadaye na kubebwa naye mgongoni.

Alisoma shule ya wamisheni hapa Likasi, enzi mji huu ukiitwa Jadotville, hadi darasa la tano mwaka 1945. Alifukuzwa wiki nzima kwa kupiga gitaa la debe wakati wa katekisimu. Padri alipomuuliza kama ametubu, alijibu kwamba gitaa amelitubu, ila wimbo bado.

Mwaka 1949 aliajiriwa kuwa fundi katika kiwanda cha shaba, akadumu hapo hadi 1983. Mwaka 1955 alifunga ndoa na Philomène, ambaye mpaka leo anasema alichumbiwa kwa wimbo kwa sababu bwana harusi hakuwa na viatu. Mwaka 1957 alirekodi nyimbo sita za gitaa, akipandisha sauti na kuikatiza kooni kama wachunga ng'ombe wa sinema, na kofia pana kichwani. Kwenye santuri liliandikwa jina moja tu: Stany Kauboi.

Serikali ilipopiga marufuku majina ya ubatizo na mitindo ya kigeni mwaka 1972, kofia iliingia chini ya kitanda. Kwenye kitambulisho akawa Kabwe Mulongo.

Juni 1979 alifika kijana Mbelgiji aliyetaka kuzitoa upya nyimbo zile. Aliingia na santuri ya zamani katika ofisi ambamo Adrien alikuwa karani, mwenye beji ya chama tawala kifuani, na kijana akauliza mbele ya watu wote kama kuna anayemjua Stany.

"Minye simujue," Adrien alisema. "Hapa hakuna muntu wa ile jina."

Huyo Adrien ni mimi. Niliogopa kupoteza kiti changu kwa kukiri jina lililopigwa marufuku. Siku hiyo kaka yangu alikuwa mapumzikoni nyumbani kwake, nyumba ya nne kutoka kwangu, akinoa panga.

Santuri mpya ilitoka 1981. Benoît, mwana wa kaka, aliileta kutoka Lubumbashi, akatusomea Kifaransa cha nyuma ya jalada: mwimbaji hakupatikana, huenda alikufa zamani. Kaka alicheka kwanza. Kisha akanitazama.

"Adrien, apa banasema nilishakufa. Nani alibaambia?"

"Sijue, yaya," nilimjibu kaka yangu mkubwa.

Tangu siku hiyo, kila Jumamosi alivaa shati safi, akaitoa kofia chini ya kitanda na kuketi mlangoni, labda yule kijana angerudi. Nilipita mbele yake nikamsalimia. Miaka minne nilimsalimia hivyo, na aibu yake ninayo hadi hapa niliposimama.

Mwaka 1985 alikatwa mguu kwa ugonjwa wa sukari. Alifariki Alhamisi, tarehe 7 Agosti 1986, saa tatu asubuhi. Kwa desturi, wasifu huu ungesomwa na Benoît. Lakini siku tatu kabla ya kufa, kaka aliniita kitandani, Philomène akiwepo.

"Karatasi ya maisha yangu, mutoto asisome. Utasoma weye. Na jina yangu useme yote, kwa nguvu, batu basikie."

Ndipo nilipojua kwamba alijua nilivyomkana kule ofisini. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Sikumwomba msamaha hata hapo. Nilimwekea mto vizuri, nikatoka.

Ameacha mjane, Philomène, watoto watatu, Benoît, Mathilde na Evariste, wajukuu tisa, na mdogo mmoja.

Aliyeniuliza 1979 hayupo hapa, lakini ninyi mpo. Ninamjua. Ni Stanislas Kabwe Mulongo, Stany Kauboi, ni kaka yangu, tumbo moja. Yaya, pumzika sasa. Usiketi tena mlangoni.